Shefu mpya amenipa alama 11 juu ya 25: nisaini, nijibu, au niache kazi?

BARUA

Jambo sana Mama Mshauri,

Nina miaka 36, ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi, na mume wangu na watoto watatu. Ni mtunza depo katika kampuni ndogo inayotengeneza mikanda ya kubebea mawe na pampu kwa ajili ya makampuni ya madini. Depo yetu iko upande wa barabara ya Likasi. Niliingia mwaka 2018 kwa kontra ya mwaka mmoja, ikarudiwa mara moja, kisha wakanipa kontra isiyo na tarehe ya mwisho. Sasa nimetimiza miaka saba.

Miaka yote hiyo kotasio (tathmini) yangu ya mwisho wa mwaka ilikuwa "nzuri". Mwaka huu imeandikwa "haitoshi". Vipimo ni vitano, kila kimoja juu ya 5: usahihi wa stoki 2, kuingiza boni (karatasi za kutoa na kupokea vitu) kwa wakati 2, mawasiliano 1, nidhamu 4, kujitolea 2. Jumla 11 juu ya 25.

Shefu wa lojistiki ni mpya, alifika mwezi wa tatu. Mwezi wa sita akaondoa kadi za stoki, akaleta programu ya kompyuta. Walitufundisha asubuhi moja tu. Tuliingiza kwenye programu salio zilizokuwa kwenye kadi, bila kuhesabu rafu kwanza, kwa sababu alisema hakuna muda. Mwezi wa kumi na moja ukafanyika inventeri: aina 412 za vitu zikahesabiwa, 31 hazikulingana. Wakaandika upungufu wa dola 6,200. Listi ninayo, lakini hakuna aliyeketi nami kuipitia. Tena usiku ekipe ya dharura ina ufunguo wa pili. Wanachukua beringi au mpira wa haidroliki, boni inakuja kesho yake, siku nyingine haiji kabisa. Na umeme ukikatika, kompyuta haiwaki mpaka jenereta iwashwe, na jenereta huwashwa kwa ajili ya atelie (karakana) kwanza.

Kuhusu mawasiliano: ni kweli tangu mwezi wa tisa siendi tena mkutano wa Jumatatu. Anaongea Kifaransa cha mbio. Siku moja niliomba arudie, akacheka mbele ya watu wa atelie, nao wakacheka. Tangu hapo ninamwandikia ujumbe wa simu kama kuna jambo la lazima. Pia amemleta kijana mmoja stajie (anayejifunza kazi), watu wanasema ni wa familia yake. Anakaa kwenye meza yangu na kuangalia kila ninachofanya. Ninaona wazi kwamba kiti changu kimeshapata mwenyewe.

Wananitaka nisaini ile karatasi kabla ya Ijumaa. Nyuma yake kuna "mpango wa kurekebisha, miezi mitatu", wenye maneno mawili tu: kuboresha usahihi, kuboresha mawasiliano. Mume wangu ni dereva wa njia ya Kolwezi. Aliniambia kwa simu: "Saina tu, unyamaze, watoto wanasoma." Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anasema niende Inspeksio ya Kazi kesho asubuhi. Rafiki yangu ana shemeji mfanyabiashara kule Kasumbalesa anayetafuta mtu wa depo kwa dola 300, mwanzoni bila kontra. Mimi hapa ninapata dola 450. Mtoto wetu wa kwanza ni finaliste (yuko mwaka wa mwisho wa sekondari) mwaka huu, na minervali (karo) haingoji.

Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, iko tayari. Kuliko kufukuzwa kama mwizi, heri nitoke mwenyewe na heshima yangu. Au ninakosea?

Mama wa Katuba

JIBU

Jambo sana mama, na pole. Kwa mtu aliyetunza mali ya wengine miaka saba, karatasi yenye "usahihi 2" inagusa jina lake, hata kama hakuna aliyetamka neno wizi. Ninaelewa kwa nini barua ya kuacha kazi iliandikika haraka kuliko barua ya kujibu.

Kama nimekusoma vizuri, una hofu tatu zilizofungwa katika kamba moja: kwamba alama hizo si za haki, kwamba shefu anataka kiti chako, na kwamba mwisho wake ni kufukuzwa kwa aibu. Huenda zote tatu ni za kweli. Lakini kila moja ina ushahidi wake na dawa yake, na barua ya kuacha kazi inazijibu zote kwa pamoja kabla hujapima hata moja. Kwa hiyo nianze na barua hiyo, upande wa pesa, maana ndipo hesabu iko wazi.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba mwajiri akivunja kontra isiyo na tarehe ya mwisho anatoa preavi (notisi ya kuvunja kontra) ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Kwako ni 14 na 49, yaani siku 63. Ukihesabu Jumatatu hadi Jumamosi ni wiki kumi na nusu. Kwa mshahara wa dola 450 na siku 26 za kazi kwa mwezi, thamani yake ni karibu dola 1,090. Ukiacha wewe, mambo yanageuka: ni wewe unayedaiwa preavi, nusu ya ile ya mwajiri, siku 31 na nusu. Ukiondoka siku hiyohiyo kwa hasira, wanaweza kukudai thamani yake, kama dola 545. Likizo ambayo hukuichukua utalipwa kwa vyovyote. Tena hapa kwetu hakuna mfuko unaomlipa mtu asiye na kazi. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inashughulikia pensheni, ajali na magonjwa ya kazi, na posho za familia, basi. Sikuambii usiache kazi. Ninataka tu bei ya mlango huo uijue kabla ya kuufungua, kwa sababu barua ikishapokelewa, kuirudisha kunategemea huruma ya aliyeipokea.

Sasa hiyo Ijumaa. Umeandika kana kwamba kusaini ni kukubali. Si lazima iwe hivyo. Saini inaweza kumaanisha kwamba umeiona karatasi, mradi uandike hivyo mwenyewe, kwa mkono, pembeni ya saini. Kwa kuwa fomu ni ya Kifaransa, andika kwa Kifaransa: "Reçu et lu, avec observations jointes" (nimepokea na kusoma, maoni yangu yameambatishwa), weka tarehe, na usiache nafasi tupu juu ya saini yako. Kukataa kabisa kusaini kuna hasara yake. Wataita mashahidi wawili waandike kwamba ulikataa, na dosie yako itabaki na neno "alikataa" bila sababu zako. Kusaini kimya kimya, kama anavyoshauri baba watoto, kunaleta utulivu wa wiki chache. Ila miezi mitatu ya mpango ikiisha, karatasi isiyopingwa ndiyo itakayowekwa mezani. Omba nakala. Wakikunyima, iandikie barua ofisi ya wafanyakazi ukiiomba.

Hayo "observations" yanatoka wapi? Yanatoka katika ile listi ya aina 31. Hapa ndipo ningeweka nguvu zangu zote wiki hii, kabla ya Inspeksio na kabla ya Kasumbalesa.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu kipimo. 31 juu ya 412 maana yake usahihi wako ni 92.5 juu ya mia. Depo nyingi za vipuri hulenga 95 au zaidi. Shefu akisema hiyo haitoshi, hasemi jambo la ajabu. Lakini ili kufika 95 unaruhusiwa tofauti 20. Ukieleza kwa ushahidi tofauti 11 tu, umefika. Hiyo ni kazi ya jioni tatu, siyo ya miezi mitatu. Na dola 6,200 ni za namna gani? Ni upungufu wote peke yake, au ni upungufu ukiwa umetolewa ziada? Omba namba zote mbili, jumla ya vilivyopungua na jumla ya vilivyozidi. Kama kuna ziada nyingi, sura ya kitu kupotea inabadilika kuwa sura ya kitu kuandikwa vibaya.

Chukua daftari, andika kila aina kwenye mstari wake, na mbele yake uandike sababu unayoweza kuonyesha kwa karatasi. Kwa depo kama yako ningezitafuta kwa mpangilio huu.

Vipimo: mpira wa haidroliki ulioingia kama roli 1 kwenye kadi ukaingizwa kama mita 1 kwenye programu, wakati roli ina mita 20. Bolti zilizoandikwa kwa boksi la 100 zikatolewa kwa kipande. Glavu kwa dazeni au kwa jozi. Kosa la namna hii hujionyesha lenyewe, kwa sababu tofauti inagawanyika sawasawa kwa 19, kwa 99, au kwa 11, yaani 20, 100 au 12 ukitoa ile moja iliyoandikwa.

Kisha vitu vinavyofanana. Tafuta penye upungufu kando ya ziada. Beringi 6205 ina shimo la milimita 25 na 6206 ina la milimita 30. Mkononi, usiku, ndani ya boksi lenye mafuta, mtu anachukua moja na kuandika nyingine. Hata ndani ya 6205 kuna zenye kifuniko cha mpira, 2RS, na zenye kifuniko cha bati, ZZ. Kama 6205-2RS zimepungua 8 na 6205-ZZ zimezidi 8, hakuna kilichopotea. Rekebisha majina kwenye rafu na uandike.

Ekipe ya usiku: usiishie kusema "wanachukua bila boni". Nenda atelie, omba fishi za kazi za usiku tangu mwezi wa sita, zile zinazoonyesha pampu gani ilifunguliwa na kipuri gani kilifungwa. Linganisha na boni zako. Kila kipuri kilichofungwa bila boni ni mstari umepata jibu, na jibu hilo limesainiwa na mtu mwingine.

Siku ya inventeri yenyewe pia: kuna mzigo uliofika asubuhi ile, ukahesabiwa kwenye rafu lakini boni ya kupokea ikaingizwa kesho yake? Au kilichotoka kabla ya kuhesabu kikaingizwa baadaye? Angalia siku mbili kabla na siku mbili baada.

La mwisho ni zile salio za mwezi wa sita, na ninaona ndilo jambo zito kuliko yote katika barua yako. Kuhamisha kadi kwenye programu bila kuhesabu rafu ni kuhamisha na makosa ya zamani. Kuna njia ya kulionyesha. Tafuta katika zile 31 aina ambazo hazikutoka wala kuingia tangu mwezi wa sita hadi mwezi wa kumi na moja. Kama kitu hakijasogea na bado hakilingani, tofauti ilikuwepo kabla ya programu. Lakini, mama, hoja hii ina makali pande mbili. Kabla ya mwezi wa sita mwenye kadi alikuwa wewe pia. Usiiandike kama lawama kwa shefu. Iandike kama jambo lililopo: "Aina hizi hazina mwendo tangu salio zilipoingizwa bila kuhesabu, naomba tuhesabu pamoja na tuanze na salio safi." Na utafute inventeri kamili ya mwisho kabla ya hapo ilifanyika lini. Kama miaka miwili ilipita bila kuhesabu, hilo ni swali la uongozi, wala si la mtunza depo peke yake.

Itabaki mistari usiyoipatia sababu. Iache tupu. Listi yenye maelezo 19 na nafasi 12 wazi inaaminika kuliko listi yenye maelezo 31.

Kwa kuchelewa kuingiza boni, fanya jambo dogo: chukua boni za wiki tatu, andika saa iliyo kwenye boni na saa iliyo kwenye programu, na weka alama siku ambazo umeme haukuwepo. Kama ucheleweshaji uko siku za giza tu, ombi lako ni jenereta kuwashwa kwa ajili ya kompyuta pia, hata saa moja kwa siku. Kama uko hata siku zenye umeme, basi sababu iko kwenye mpangilio wa siku yako. Pengine unazikusanya boni mpaka jioni kama ulivyozoea na kadi. Ni vizuri ulijue wewe kabla ya kuambiwa.

Barua ya kujibu iwe ukurasa mmoja. Sema umepokea kotasio ya tarehe fulani. Sema unachokubali, kwa sababu mtu anayekana kila kitu hasomwi. Sema usichokubali, ukitaja jedwali uliloambatisha. Maliza na unachoomba. Toa nakala mbili, peleka sekretarieti, na yako irudi na muhuri, tarehe na saini ya aliyeipokea. Ujumbe wa simu hauchukui nafasi ya muhuri huo. Kuna maneno ambayo nisingependa yawemo. Moja ni "ninakiri upungufu wa dola 6,200". Sentensi hiyo inaweza kutoka kwenye kotasio na kuingia kwenye mashtaka. Wakikuletea karatasi ya kukubali kukatwa mshahara, sheria inataja makato yanayoruhusiwa. Usiisaini siku hiyohiyo, mwonyeshe kwanza delege wa wafanyakazi kama mnaye. Lingine ni habari ya kijana stajie. Usiitaje, hata kama mji mzima unaijua. Na ukikusanya ushahidi, andika namba na tarehe za boni, piga nakala ya karatasi zinazokuhusu wewe tu. Fakatira (ankara) za wateja na bei za kampuni zisitoke getini, kwa maana hapo utakuwa umewapa kosa ambalo hawakuwa nalo.

Sasa hiyo 1 ya mawasiliano. Kuchekwa mbele ya watu kwa kuomba jambo lirudiwe ni kitu kibaya, na shefu anayejua kazi yake hafanyi hivyo. Hata hivyo, jaribu kuketi kwenye kiti chake dakika moja. Mtunza depo wake haonekani Jumatatu tangu mwezi wa tisa, na hajui ni kwa nini, maana sioni popote katika barua yako kwamba ulimwambia. Yeye anaona kiti kitupu. Inawezekana ile 1 ni chuki. Inawezekana pia ni hesabu ya mikutano. Namna ya kujua ni kumwomba mifano: tarehe gani, habari gani ilikosekana, alitaka ipitie njia gani. Akitaja mifano, mna kitu cha kurekebisha. Asipokuwa na hata mmoja, andika kwamba uliuliza tarehe fulani na hukupewa.

Kurudi Jumatatu kunaweza kurahisishwa. Andaa nusu ukurasa Ijumaa jioni, kwa Kifaransa chako cha polepole: vilivyoingia, vinavyokaribia kwisha, vinavyongoja saini. Ukiwa na karatasi unasoma, hulazimiki kukimbizana na ulimi wa mtu. Omba ajenda iandikwe kabla. Kuhusu kile kicheko, una hiari. Unaweza kumwambia mkiwa wawili, kwa maneno mafupi, kwamba tangu siku ile uliona aibu kuuliza. Wapo mashefu wanaoshtuka na kuomba radhi, na wapo wanaokitumia kama udhaifu. Wewe ndiye unayemjua uso wake. Kama unaona ni wa namna ya pili, nenda na delege, au liache kwa sasa.

Na kijana? Unaona "wazi" kwamba kiti kimepata mwenyewe. Mimi kwa barua yako ninaona stajie anayejifunza kwenye depo, na watu wanaosema. Vitu vingine vingenitia wasiwasi zaidi ya undugu: apewe neno la siri la programu lenye haki kama zako, aanze kusaini boni za kupokea, au ufunguo wa tatu utengenezwe. Hilo la mwisho lisingoje kabisa. Kila anayeshika ufunguo aandikwe kwenye rejista, saa ya kuchukua na saa ya kurudisha. Ukiliomba hilo kwa maandishi unalinda mali ya kampuni na jina lako pamoja, na hakuna anayeweza kusema unampiga vita mtoto wa mtu.

Ule mpango wa miezi mitatu wenye maneno mawili ni hatari kwa namna ulivyo, kwa kuwa "kuboresha" hakuna mwisho. Sheria, kifungu cha 62, inadai sababu ya haki inayohusu uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya kampuni. "Hakuboresha" inaweza kuvalishwa nguo ya uwezo. Kwa hiyo omba ujazwe namba: usahihi ufike ngapi, uhesabiwe tarehe gani, na nani awepo. Pendekeza wewe: kuhesabu aina 20 kila siku ya kazi, ambapo aina zote 412 zinapitiwa ndani ya siku 21, vitu vya bei kubwa vikirudiwa kila wiki. Boni ya usiku iandikwe kwenye daftari lililofungwa kwa uzi mlangoni, kabla ya kitu kutoka. Kikao cha dakika kumi na tano kila wiki mbili, na maandishi ya yaliyosemwa. Mpango wa namna hii unaweza kukuumbua pia, ukumbuke. Ukifika siku ya mwisho na 91 juu ya mia, namba itasema dhidi yako. Ndiyo maana usikubali tarehe ya kuanza kabla salio hazijasafishwa.

Yaya yako ana haki kuhusu Inspeksio ya Kazi, labda si kuhusu kesho asubuhi. Kotasio mbaya peke yake haijavunja kontra, na mkaguzi atakuuliza unalalamikia nini hasa. Kwenda kuuliza ushauri unaweza, ni bure kuuliza. Malalamiko rasmi ni hatua nyingine: mwajiri ataitwa, na hata kama sheria inakataza kumfukuza mtu kwa sababu alishtaki, uso wa kazini hautabaki ulivyokuwa. Ikifika siku wakakufukuza kwa sababu usiyoikubali, njia inaanzia hapohapo Inspeksio, kwa sababu Tribinali ya Kazi haipokei mgogoro wa mtu mmoja kabla haujajaribiwa kupatanishwa. Mkishindwa kupatana unapewa PV (hati rasmi) ya kutopatana, ndipo unakwenda. Tribinali ikiona hakukuwa na sababu ya haki na usirudishwe kazini, inaweka fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Hicho ni kikomo cha juu, usikipangie bajeti ya minervali. Madai ya kontra yanakaa hai miaka mitatu, ya mshahara mwaka mmoja, hivyo hakuna moto unaokulazimisha wiki hii. Kosa zito ni habari nyingine, kwa kuwa hapo preavi haipo. Ukipata barua ya kuombwa maelezo yenye neno wizi au udanganyifu, ijibu kwa maandishi ndani ya muda walioandika, na usiijibu peke yako.

Kasumbalesa nisiidharau. Kazi inayopatikana ni kazi inayopatikana. Lakini dola 300 toa nauli au chumba, maana ni kama kilomita 90 kutoka hapa, na baba watoto tayari yuko barabarani. Nani atakuwa nyumbani na finaliste? Muulize huyo shemeji kontra itakuja mwezi wa ngapi, kama atakuandikisha CNSS, stoki itahesabiwa mbele yako siku ya kuingia na kusainiwa na wote wawili, na nani mwingine atakuwa na ufunguo. Akikwepa swali la kuhesabu, unaweza kujikuta na listi nyingine ya 31, safari hii bila kontra. Unaweza pia kutafuta kimya kimya hapa mjini huku ukifanya ile miezi mitatu. Mtunza depo anayejua kadi na programu vyote viwili anatafutwa na makampuni ya vipuri, na INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, wanafundisha kompyuta kama ile asubuhi moja haikutosha. Siku ya kuondoka, kwa sababu yoyote ile, mwajiri anadaiwa cheti cha mwisho wa utumishi: aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, namba ya CNSS. Alama 11 juu ya 25 haina nafasi kwenye cheti hicho.

Na umweleze mume wako kwa namba badala ya kwa machozi, hata kama machozi yana haki yake. Mwambie siku 63, mwambie 31 na nusu. Huenda anasema "unyamaze" kwa sababu kwenye simu amesikia chaguo mbili tu, ugomvi au kimya.

Kama ukimaliza kupanga zile 31 na ukabaki na mistari ambayo hata fishi za atelie hazikuipatia jibu, tuandikie tena ukitaja ni vitu vya aina gani, bila jina la kampuni. Vinavyopotea kweli huwa na tabia yake, vidogo, vya bei, vinavyouzika haraka sokoni, na hilo lingebadilisha mengi katika haya niliyokuandikia.